Mbuzi wa Sura ya Tatu

Katika ile nyumba ya uchapishaji hapakuwa na mtu aliyebishana na mwenzake, na msahihishaji wa prufu alikuwa amechoshwa na amani hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kusaka makosa. Alikaa chumba cha mwisho kwenye korido, dirisha likitazama ukuta, mezani rula, kalamu nyekundu na kikombe cha chai kilichopoa, na kutwa nzima alirudisha koma mahali pake. Wenzake wakamwita Mama Koma. Aliitika, maana jina la utani ukilikataa ndipo unapolipigilia msumari.

Desturi ya nyumba ilikuwa hii. Mswada ukiingia, katibu muhtasi aliondoa jina la mwandishi, akautia kwenye bahasha kubwa ya kaki yenye namba, pamoja na fomu moja ya njano. Bahasha ilizunguka kwa wasomaji watano. Wa kwanza, ambaye siku zote alikuwa Mhariri Mkuu, aliandika maoni yake kwenye fomu na kumalizia kwa "Ichapishwe" au "Isichapishwe". Wanne waliofuata walitakiwa waandike yao. Lakini Mkurugenzi, ambaye alichukia vikao virefu kuliko alivyochukia maumivu ya jino, aliweka sheria kwamba kazi iliyowagawa wasomaji haizungumzwi. Inaingia kabatini hadi mwaka ujao. "Wengi wape," alipenda kusema, na mkono ukiwa tayari kwenye mpini wa mlango. Basi watu si wajinga. Haukupita muda, wasomaji wanne wa mwisho wakajifunza neno moja, "Naafiki", na saini chini yake, kila mtu akaenda zake nyumbani mapema.

Jumatatu asubuhi bahasha namba kumi na tano ilitua mezani kwa Mama Koma. Aliifungua, akavuta karatasi ya kwanza. Ulikuwa mswada wake mwenyewe.

Aliuandika kwa miaka tisa, akautuma kwa posta kama mtu baki, bila kumwambia yeyote pale kazini. Hakutaka huruma yao. Ulisimulia mji ambao kila jioni wakazi hupiga kura kuamua hali ya hewa ya siku ile ilikuwaje, na kilichoshinda ndicho kinachokumbukwa. Siku moja mvua inanyesha, mji unapiga kura ya jua, na mama mmoja anabaki na nguo zake mbichi kwenye kamba asijue azifanyeje.

Watu wakisoma visa vya namna hiyo hudhani mwandishi anawaogopa wakubwa. Mama Koma alikuwa akiogopa kidole chake. Alipokuwa na miaka kumi, dirisha la darasa lilivunjwa, mwalimu akauliza nani kavunja, na darasa zima likamwelekezea kidole msichana ambaye siku hiyo hakuja shule. Yeye alikuwa amemwona aliyevunja. Aliketi naye dawati moja. Na bado kidole chake kiliinuka pamoja na vingine, laini, bila kusukumwa na mtu, na kilichomtisha ni jinsi alivyojisikia vizuri. Tangu hapo kila alichoandika kilitoka kwenye hofu ile, na alishakubali kwamba bila hofu hiyo asingekuwa na la kuandika.

Sasa akaichukua fomu ya njano kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua sufuria ya moto.

"Kazi nzuri, yenye matumaini," Mhariri Mkuu alikuwa ameandika. "Kijana huyu ana kipaji. Ila mbuzi wa sura ya tatu amezidi, apunguzwe. Ichapishwe."

Chini yake mhariri wa vitabu vya shule, aliyeitwa Mwalimu: "Naafiki, hasa kuhusu mbuzi."

Afisa mauzo: "Naafiki. Mbuzi amezidi kweli."

Mchoraji wa majalada: "Naafiki. Mbuzi huyo amenichosha hata mimi, ila atapendeza kwenye jalada."

Mama Koma aliisoma mara tatu. Katika mswada wake wenye kurasa mia mbili na arobaini hamkuwa na mbuzi. Hamkuwa na mnyama wa aina yoyote isipokuwa paka mmoja, naye alipita dirishani mara moja tu na kwenda zake. Kwa dakika nzima alikaa akijiuliza kama labda yeye ndiye aliyesahau. Kisha hasira ikampanda. Watu wanne walikuwa wamekipitisha kitabu chake, na hakuna hata mmoja aliyekigusa.

Angeweza kutia saini ya tano palepale. "Naafiki," basi, Alhamisi kikao kinapitisha, kitabu kinatoka. Aliitazama ile nafasi tupu, akaiacha, akainuka. Alitaka kwanza kumwona mtu mmoja tu akiona haya.

Alianza kwa afisa mauzo, mwanamke mchangamfu aliyekula njugu mchana kutwa na kuzungumza na simu mbili.

"Dada, yule mbuzi ulimwonaje?"

"Mbuzi yupi?"

"Wa namba kumi na tano."

"Ahaa, yule. Amezidi."

"Amezidi wapi?"

"Si sura ya tatu?" Aliweka simu moja chini. "Lakini msimtoe kabisa. Wateja wanapenda wanyama."

"Anafanya nini hasa, kwenye hiyo sura ya tatu?"

Afisa mauzo akaacha kutafuna. Alifikiri kwa bidii, mtu angeweza hata kumhurumia.

"Anazidi," akasema.

Mwalimu alimjibu kwamba mbuzi ana mafunzo mazuri kwa watoto, kisha akamwomba afunge mlango. Mchoraji wa majalada ndiye aliyemmaliza nguvu. Alikuwa ameshachora jalada lenyewe, mbuzi mweupe mwenye ndevu, nyuma yake jua la rangi ya machungwa, na alichora vizuri, maana mkono wake ulikuwa na akili kuliko tabia zake.

"Umemtoa wapi huyu?" Mama Koma akauliza.

"Si kaelezwa?"

"Kaelezwa ukurasa gani?"

Mchoraji akacheka kwa aibu, akajikuna shingo. "Mama Koma, nawe. Watu watatu wamemwona kabla yangu. Mimi ni nani nisimwone?"

Alitoka pale meno yakimuuma kwa kuyakaza, akapanda ghorofani kwa Mhariri Mkuu. Huyu alikuwa mzee mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, msomaji wa kweli zamani zile, ambaye sasa alisoma miswada minane kwa mwezi na kuikumbuka kama mtu anavyokumbuka abiria wa basi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Koma. Koma gani imepotea leo?"

"Mzee, namba kumi na tano haina mbuzi."

Aliipokea fomu, akaisoma taratibu, akiufurahia mwandiko wake. "Tumemwona watu wanne," akasema.

"Umemwona wewe. Hao watatu wamekufuata."

"Sasa, mwanangu, kama mimi ningekuwa nimekosea, hao watatu si wangesema? Ndiyo kazi yao."

"Wao wanasema kama asingekuwepo, wewe usingeandika."

"Basi umeona mwenyewe," Mzee akasema kwa upole, akamrudishia karatasi. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwandishi aambiwe amwongeze mbuzi, halafu ampunguze."

Kuna hasira ya kupiga meza, na kuna ile inayomfanya mtu aseme "asante" na kuondoka polepole. Mama Koma alisema asante. Kwenye ngazi ndipo alipopata akili. Mzee hakuwa ametunga mbuzi. Umri haujamfikisha huko. Mbuzi alikuwepo mahali. Namba iliandikwa kwenye bahasha tu, na mzee mwenye miwani miwili, akiwa na bahasha mbili mezani, alikuwa amezitia fomu kinyume.

Bahasha zilizokamilika zilingoja kikao ndani ya kabati la chuma kwenye korido. Alikuta namba kumi na nne juu kabisa. Akafungua sura ya tatu, akiwa amesimama, akaanza kusoma kuhusu mbuzi wa bibi mmoja aliyekula barua zote za mtaa, kila mtu akalazimika kwenda kumuuliza bibi kama mbuzi amesema lolote. Mama Koma alicheka peke yake kwenye korido. Kitabu kilikuwa kizuri. Mbuzi hakuwa amezidi hata kidogo.

Kisha akaisoma fomu iliyokuwa ndani yake. Mwandiko wa Mzee, safi, wenye kujiamini:

"Mwandishi ana kalamu, lakini anawaogopa watu mno. Kisa chake cha mji unaopigia kura hali ya hewa hakiaminiki. Hakuna mahali duniani ambapo watu wazima, wenye akili zao, wanakubaliana wote juu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliona. Isichapishwe."

Naafiki, alisema Mwalimu. Naafiki, alisema afisa mauzo. Naafiki, alisema mchoraji. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, naafiki ya nne, yenye koma na saini iliyonyooka kama rula.

Ilikuwa yake.

Aliikumbuka siku hiyo. Ijumaa ya wiki mbili nyuma, kitabu cha hesabu kikiwa kimemkalia kooni, bahasha nne zimerundikana, katibu muhtasi amesimama mlangoni akizisubiri. Alizifungua, akaona saini nne zimejipanga, akaongeza ya tano. Hakusoma maoni. Angesoma mstari mmoja tu, mmoja, angejua kwamba anayehukumiwa ni yeye. Mtu aliyetumia miaka tisa kuandika juu ya watu wanaoinua mikono bila kutazama alikuwa ameinua wake, tena dhidi ya nafsi yake, tena kwa mwandiko mzuri. Aliketi juu ya katoni la karatasi, akaona haya aliyokuwa akiitafuta tangu asubuhi kwa watu wengine.

Alikibeba kile kitabu cha mbuzi nyumbani. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na jioni hiyo alikuwa kibarazani amejiinamia nyuma ya jokofu la jirani, miguu tu ikionekana. Ndiye mtu pekee aliyeusoma mswada wake wote, akiushika kwa mikono yenye grisi. Kurasa nyingine zilikuwa na alama za vidole vyake hadi leo. Alimsikiliza bila kutoka huko nyuma.

"Kwa hiyo ukikaa kimya, chako kinatoka," akasema.

"Kinatoka na mbuzi kwenye jalada."

"Mbuzi ana ubaya gani? Watu watakinunua wakimtafuta, hawatamwona, watasoma hadi mwisho." Koleo ikalia kwenye chuma. "Na ukisema?"

"Nikisema, fomu zinarudi zinakostahili. Wa mbuzi anachapishwa. Mimi nakataliwa, na saini yangu iko hapohapo."

Fundi alitoka, akajifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama. "Mke wangu, miaka tisa nimekunywa chai baridi kwa sababu ya kitabu hiki. Huyo mwingine mpe pole. Ni kijana, ataandika kingine."

"Barua yake ya kukataliwa inatoka Alhamisi. Ataambiwa mji wake unaopiga kura hauaminiki. Atautafuta mji huo kwenye kitabu chake hadi achanganyikiwe."

"Basi sema."

"Wewe unasema hivyo kwa kuwa umeniona nimeshaamua."

"Sasa nisemeje?" Naye akapandisha sauti kidogo; alikuwa mtu mpole, lakini siku nzima alikuwa na lile jokofu. "Nikikukataza unanuna, nikikukubalia unanuna. Unaniuliza, au unataka nikuafiki?"

Alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli, na hakumsemesha mpaka chakula kilipoiva. Siku mbili zilizofuata alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka mingi: alisoma mswada wa mtu mwingine bila kalamu mkononi, ukurasa kwa ukurasa, hadi mwisho.

Alhamisi wote sita walikaa kwenye meza ndefu. Mkurugenzi alikuwa ameivua saa mkononi na kuiweka juu ya meza, mbele ya macho yake, aione vizuri. Kabla hajaanza kuziita namba, Mama Koma alisimama.

"Fomu ya kumi na nne na ya kumi na tano zimebadilishana bahasha," akasema. "Kitabu cha mbuzi ni kumi na nne. Mnaweza kufungua sasa hivi mkaona. Wasomaji tuko watano na hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyesoma. Mzee alisoma, akakosea bahasha. Sisi wengine hatukusoma kabisa. Na mimi nimo."

Afisa mauzo ndiye aliyetangulia kujibu.

"Hata mimi nilihisi," akasema.

"Mimi huyo mbuzi nilikuwa na mashaka naye tangu mwanzo," akasema Mwalimu.

"Kabisa," akasema mchoraji, jalada lake likiwa limelala kifudifudi mezani.

Mama Koma aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa ubishi, hata kwa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kukubaliwa.

Mzee alivua miwani, akavaa mingine, akafungua bahasha zote mbili, akakiri kosa lake kwa sauti ndogo. Alikuwa mwungwana. Mkurugenzi akafurahi, maana tatizo lililokuwa linakuja kama mlima lilikuwa limegeuka kichuguu. Alizichukua fomu mbili, akazibadilisha bahasha.

"Kumi na nne, ichapishwe. Saini nne, bado yako, Mama Koma. Kumi na tano, isichapishwe, saini tano. Tumemaliza?"

Mama Koma aliivuta ile ya mbuzi, akaandika: "Nimesoma. Ichapishwe. Mbuzi asiguswe." Akatia saini. Kisha akasema, "Kumi na tano ni kitabu changu."

"Nilijua," afisa mauzo akasema, safari hii kwa sauti hafifu, na hakuna aliyemuunga mkono.

Mkurugenzi aliigeuza fomu, akaweka kidole kwenye wino mwekundu. Hakuwa anamkejeli. Alikuwa amechanganyikiwa kweli. "Lakini hapa umeafiki kisichapishwe. Kitabu chako mwenyewe. Sasa mimi nifanye nini na wewe?"

"Nipe hiyo fomu."

Alikata neno lake kwa mstari mmoja, kama alivyokata maneno ya watu kila siku, na juu yake akaandika "Siafiki". Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa halijaandikwa muda mrefu hivi kwamba Mwalimu alijinyoosha kulitazama.

"Unajua sheria," Mkurugenzi akasema. "Mmetofautiana. Kinaingia kabatini hadi mwaka ujao."

"Najua. Kiingie. Lakini mtu ataandika 'naafiki' au 'siafiki' baada ya kukisikia. Sitaki kingine."

Akauchukua mswada, akakaa, akaanza kusoma kwa sauti. Mkurugenzi aliitazama saa yake. Mwalimu alimtazama Mkurugenzi. Afisa mauzo alisogeza kiti nusu hatua, akaona hakuna mwingine aliyesogeza, akakirudisha. Hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuondoka, na kwa hiyo wote wakabaki.

"'Jioni ile,'" alisoma, "'mji mzima ulipiga kura kwamba kutwa kulikuwa na jua; na kwa kuwa shuka la mama yule lilikuwa bado linachuruzika maji, kamati iliandika kwamba shuka limetoka jasho.'"

Mchoraji wa majalada alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, kilichomtoroka. Papo hapo akamwangalia Mwalimu, akamwangalia afisa mauzo, akamwangalia Mzee, akaona nyuso zimetulia, naye akaufunga mdomo wake kama mtu anayerudisha kitu dukani.

Mama Koma alitaka kumrukia. Alikuwa ameshafungua kinywa kumwambia acheke, mtu mzima, kicheko ni chake, kwani anamwomba nani ruhusa, ndipo alipogundua macho yake mwenyewe yalikuwa wapi. Yalikuwa nyusoni mwao. Yalikwenda huko tangu kile kicheko kilipotoka, yakapita kwa Mwalimu, kwa afisa mauzo, kwa Mzee, kwa mpangilio uleule, kuuliza kama sentensi ile inachekesha kweli. Aliiandika yeye. Aliijua kwa miaka tisa. Na bado alikuwa akingoja kura.

Aliogopa, palepale, kama alivyoogopa darasani, na safari hii hakuwa na hadithi ya kuificha hofu hiyo ndani yake. Akainamisha uso kwenye karatasi, akarudi mwanzo wa sentensi ileile, akaisoma tena, taratibu zaidi. Mchoraji akacheka mara ya pili, au pengine alikuwa mtu mwingine. Hakuinua kichwa kutazama.